Karura bila kupotea: mwongozo kamili wa kutoka getini mpaka maporomoko na kurudi kabla geti lifungwe

Jumapili iliyopita nimepigiwa simu tena, saa 11 na dakika 40 jioni. Ni binamu yangu, ako na rafiki zake watatu, wako katikati ya Karura, ule msitu ulio ndani ya Nairobi, wanaona miti tu, na gari yao iko upande wa Limuru Road. Nikamuuliza swali moja, "Nguzo ya mwisho mmepita ilikuwa namba ngapi?" Akanyamaza kidogo alafu akaniuliza, "Nguzo gani?"

Hiyo ndo shida yenyewe, na si yake peke yake. Watu wengi naowajua wakienda Karura mara ya kwanza wanapotea, ama wanatokea geti ingine kabisa, ama wanarudi bila kuona yale maporomoko ya maji waliyoendea. Wanasema msitu ni mkubwa. Ni kweli ni mkubwa, ni zaidi ya hekta 1,000 na njia zake ukizijumlisha zinapita kilomita 50, lakini ukubwa si ndo unawapoteza. Kinachowapoteza ni kutembea bila kujua namba ya nguzo waliyopita (kila njia panda kubwa ina nguzo yenye namba) na bila kujua saa ya kugeuka. Hayo mawili ukiyashika hata mtoto wa darasa la sita atakutoa.

So naandika mara moja hatua kwa hatua, ili nikipigiwa simu tena niwe natuma hii.

## Vitu vya kubeba, panga usiku uliopita

Viatu vyenye vimeshika chini. Raba ya kawaida inatosha wakati wa kiangazi kama soli haijaisha. Wakati wa mvua ndefu, yaani Machi mpaka Mei, na zile fupi za Oktoba mpaka Desemba, ule udongo mwekundu unageuka kama sabuni alafu unashika chini ya kiatu mpaka mguu unakuwa mzito. Sandals na vile viatu vyeupe vya kupigia picha wacha nyumbani.

Maji kwa chupa ya kujaza tena. Lita moja kwa mtu mzima kwa matembezi ya masaa matatu, na nusu lita zaidi kama jua ni kali. Usibebe zile chupa za plastiki za kununua dukani, Kenya plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwa hifadhi na misitu tangu tarehe 5 Juni 2020 na getini wanaangalia mfuko. Nimeona familia nzima ikirudishwa kwa gari kumimina katoni ya maji, watoto wamesimama hapo na kiu.

Chakula kwenye kontena yenye kifuniko cha kubana. Ndizi, njugu, chapati, viazi vitamu, chochote. Kifuniko ni muhimu sana, sababu utaiona huko chini nikifika kwa kima.

Simu yenye chaji imejaa na pesa kwa M-Pesa. Malipo ya kuingia ni kwa simu, noti yako haitakusaidia getini.

Kitambulisho. Bei ya raia, ya mkaazi na ya mgeni kutoka nje si moja, na bila kitambulisho huna vile utaonyesha wewe ni wa gani.

Karatasi na kalamu. Najua utacheka, lakini simu inaisha chaji na karatasi haiishi chaji. Hii ndo kitu moja naombea kila mtu abebe.

Suruali ndefu na sweta nyepesi. Suruali ni kwa ajili ya kupe na thabai, ule mmea unaowasha, uko mwingi kando ya mto. Sweta ni kwa sababu huko ndani kivuli ni kizito na asubuhi Julai unatetemeka kabisa.

## Hatua ya 1: Chagua geti moja na uape utatoka na hilo hilo

Sehemu kubwa ya Karura imelala katikati ya barabara mbili, Limuru Road upande mmoja na Kiambu Road upande ule mwingine, na kuna mageti pande zote mbili. Kutoka huku mpaka kule kwa miguu ndani ya msitu inaonekana karibu, lakini ukishatoka nje upande usio wako lazima uzunguke na barabara, na hiyo ni fare ingine au boda, na jioni ya Jumapili ni jam.

Kama ni mara yako ya kwanza, nakushauri ingia na geti kubwa la Limuru Road, lile linatazamana na ubalozi wa Ubelgiji. Matatu za Ruaka na Banana, 106 na 107, zinapita hapo, mwambie konda akushukishe "Karura, geti ya Limuru Road", usiseme Karura peke yake maana atakushukisha popote msitu unaonekana. Kama unatoka pande za Thika Road au Kiambu, matatu ya 100 inapita Kiambu Road na kuna geti huko pia, na mwongozo huu unafanya kazi vile vile.

Alafu kuna Sigiria, hiyo iko ng'ambo ya Limuru Road, ni kipande kingine kabisa. Ni pazuri na pametulia, lakini maporomoko na mapango hayako huko. Kila mwezi kuna mtu ananiambia alizunguka Sigiria masaa mawili akitafuta maporomoko.

*Utajua umefaulu:* kila mmoja kwenye kundi, hata wale wadogo, akiulizwa "tumeingia na geti gani?" anajibu bila kufikiria.

## Hatua ya 2: Lipa, alafu piga picha mbili

Bei iko kwa ubao getini, isome kabla hujalipa, na lipia kila mtu mara moja ili msishikane kwa laini. Msitu unafunguliwa saa 12 asubuhi na jioni ni saa 12, na hiyo saa 12 ichukulie kama ya kuwa umetoka. Si ya kuanza kurudi.

Ukimaliza kulipa, piga picha mbili. Ya kwanza ni ya ramani ile kubwa iliyosimamishwa getini. Ipige kwa karibu, vipande vipande kama ni lazima, alafu uizumu papo hapo uone kama namba zinasomeka. Watu wanapiga ramani wakiwa wamesimama mbele yake wakitabasamu, wanafika ndani wanapanua picha wanaona meno tu.

Ya pili ni ya namba ya simu ya msitu, iwe imeandikwa kwa ubao au kwa risiti. Kama huioni, muulize askari akutajie uisevu hapo hapo. Ukishapotea ndo si wakati wa kuanza kuitafuta na bando, huko bondeni karibu na mto mtandao unakuja na kwenda.

## Hatua ya 3: Andika safari yako kwa namba

Hapa ndo roho ya mambo yote, so soma pole pole.

Karura imewekwa namba. Kila njia panda kubwa ina nguzo, na nguzo ina namba yake, na namba hiyo hiyo ndo iko kwa ramani. Watu wanaziita jankisheni. Mtu akikwambia "niko jankisheni fulani" askari anajua ni wapi hata kabla hajamaliza sentensi. Ile nguzo ni fupi, saa zingine nyasi zimeifunika kidogo au imeegemewa na baiskeli ya mtu, ndo maana ukipita ukiongea huioni.

Simama mbele ya ramani ufanye hivi:

Tafuta lile alama ya "uko hapa". Alafu tafuta maporomoko. Alafu na kidole fuata njia moja kutoka hapa mpaka pale, na kila nguzo kidole kinapopita, andika namba yake kwa karatasi, moja chini ya ingine. Chora mstari. Sasa tafuta njia ya kurudi, na kama ni mara ya kwanza nakusihi rudi na njia ile ile, utaandika tu namba zile zile kutoka chini kwenda juu. Zile njia za kuzunguka zitangoja mara ya pili.

Namba hazifuatani kama za nyumba. Ukitoka nguzo moja usitegemee ile inayofuata itakuwa na namba inayofuata. Watu wengi hapa ndo wanachanganyikiwa, wanaona namba imeruka wanadhani wamepotea, wanaacha njia sahihi. Wewe fuata karatasi yako.

Kwa nini si kutumia tu ramani ya simu? Tumia, mimi pia natumia. Lakini ile nukta ya bluu chini ya miti minene inaruka ruka, na ukiwa umewasha ramani, kamera na mtandao kwa pamoja chaji inaenda haraka kuliko unavyofikiria. Na pia nukta ya bluu haikufundishi msitu. Karatasi inakufundisha.

*Utajua umefaulu:* uko na orodha ya namba kwa mkono wako, na watu wawili tofauti kwenye kundi wanayo.

## Hatua ya 4: Hesabu saa ya kugeuka

Hii hesabu ni rahisi na hakuna anayeifanya.

Chukua saa unayotaka kuwa getini, na iwe saa 11 na nusu jioni, si saa 12. Toa saa uliyoingia. Toa lisaa limoja la kukaa, kula na kupiga picha. Kinachobaki gawanya mara mbili.

Mfano, umeingia saa 8 mchana. Kutoka saa 8 mpaka saa 11 na nusu ni masaa matatu na nusu. Toa lisaa limoja, yanabaki mawili na nusu. Nusu yake ni lisaa na robo. Maana yake una lisaa na robo ya kwenda, lisaa la kukaa, na ifikapo saa 10 na robo mgongo wako uwe umeangalia mto na uso umeangalia geti. Haijalishi mmefika wapi. Hata kama maporomoko mnayasikia.

Najua hiyo ya mwisho inauma. Lakini Nairobi giza haichelewi, mwaka mzima jua linazama hapo karibu na saa 12 na nusu, na chini ya ile miti kunaanza kuwa giza mapema kuliko nje barabarani. Ukiwa na mtoto kwa mgongo na simu iko asilimia nane, hiyo nusu saa ni kubwa sana.

Ukiniuliza mimi, usiingie mchana kabisa. Ingia saa 2 asubuhi. Ndege bado wanaimba, pakingi iko, hewa ni baridi na tamu, na ukikosea njia mara tatu bado utakula lunch nyumbani. Weka alamu ya simu kwa saa ya kugeuka, usiiweke kichwani.

## Hatua ya 5: Tembea, na kila nguzo isome kwa sauti

Ukianza kutembea, kila mkifika nguzo simameni. Mtu mmoja asome namba kwa sauti, mwingine aiweke tiki kwa karatasi. Ukiwa na watoto wape hiyo kazi, wataifanya vizuri kuliko wewe na hawatalia kuchoka maana watakuwa wanakimbilia kuwa wa kwanza kuona nguzo.

Alafu fanya kitu kimoja ambacho mimi nilifundishwa na mzee mmoja mfanyakazi wa pale: kabla uondoke kwa nguzo, geuka uangalie ulikotoka. Njia ikiangaliwa kutoka upande ule mwingine ni njia ingine kabisa. Ule mti ulioinama ulikuwa kulia sasa uko kushoto, ile kona huioni. Sekunde tano tu za kuangalia nyuma, wakati wa kurudi macho yatakuwa yanaikumbuka.

Angalia pia msitu wenyewe vile unabadilika, maana Karura si msitu mmoja. Kuna sehemu za miti ya kupandwa, mikaratusi na misaipresi imesimama kwa mistari, na kuna sehemu za msitu wa asili wenye mukinduri na muhugu, huko miti imechanganyika na juu kumefunga. Mukinduri utaujua kwa jani, liokote chini uligeuze, upande wa chini unang'aa kama fedha. Ukitoka kwenye fedha ukaingia kwenye mistari ya mikaratusi na hukumbuki kupita mistari wakati wa kuja, simama hapo hapo.

Onyo: kwenye ile mikaratusi kila nafasi katikati ya mistari inaonekana kama njia. Si njia. Na ndani ya msitu wa asili kuna vinjia vyembamba vya wanyama vinavyokatiza, vinaingia vizuri alafu vinaishia kwa kichaka. Kanuni yangu ni hii, kama mmetembea dakika kumi na tano bila kuona nguzo yoyote, rudini mpaka nguzo ya mwisho mliyoweka tiki. Msiendelee eti "itatokea tu mbele".

Shortcut pia wachaneni nazo. Ukikata kona leo na mwingine akakata kesho, mvua ikija inapata mfereji umeshachimbwa na mbegu zilizokuwa zinaota hapo zimekanyagwa. Huu msitu watu walipigwa ili ubaki, tunaweza kuzunguka kona.

*Utajua umefaulu:* karatasi ina tiki zote mpaka namba ya karibu na maporomoko, na unaanza kusikia maji kabla hujayaona.

## Hatua ya 6: Kushuka mpaka maporomoko

Mto Karura unaanguka hapo kama mita 15 hivi, na ukishuka chini yale manyunyu yanakufikia usoni. Ni kitu ya kushangaza kweli kwamba hii iko ndani ya jiji la Nairobi na kuna watu wamezaliwa hapa mpaka wana wajukuu hawajawahi kuiona.

Lakini pia hapa ndo mahali watu wanaumia, so sikiza.

Kunashukwa. Ngazi zikilowa zinateleza, na zinaweza kuwa zimelowa hata siku ya jua kwa sababu ya kivuli na manyunyu. Shuka ukiangalia mguu, simu mfukoni, mkono mmoja uwe huru. Picha utapiga ukishasimama. Mwaka juzi nilikuwa nyuma ya mama mmoja amebeba mtoto mchanga mbele na begi nyuma, akashuka ngazi moja moja kiupande upande, mguu wa kushoto kwanza kila mara, mkono kwa ukuta wa mawe. Vijana wakampita wakiruka. Wawili kati yao walianguka na yeye alifika chini kanga haijafunguka. Tangu siku hiyo nashuka kama yeye, na watu wangu nawashusha hivo.

Usipande yale mawe meusi yaliyo karibu na maji. Yana utelezi wa kijani ambao huuoni. Usiogelee na usinywe hayo maji, huo mto umepita mitaa mingi kabla haujafika hapo.

Na kama kumenyesha, au mawingu ni meusi upande wa Limuru na Banana, usishuke, au kama umeshashuka panda mara moja. Mto unatoka huko juu. Unaweza kuwa umesimama kwa jua na maji ya mvua ya kule yanakuja. Yakibadilika rangi yakawa ya kahawia mazito, usingoje.

## Hatua ya 7: Mapango

Mapango yako karibu na mto huo huo, ramani inaonyesha. Wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo, so ingia kama unavyoingia kwa mtu. Usiandike jina lako ukutani. Yule umpendaye mwambie kwa mdomo.

Ndani ni giza na juu ni chini, inama kabla hujahitaji kuinama. Tochi ya simu inatosha. Dakika kumi zinakutosha pia, na hizo dakika zimo ndani ya lile lisaa la kukaa tulilohesabu, usizichukue kwa muda wa kurudi.

## Hatua ya 8: Wanyama, na vile chakula chako kitachukuliwa

Kima wamezoea watu. Tena wamezoea kwa sababu sisi ndo tumewalisha. Wanajua sauti ya karatasi ya krispi, wanajua begi lenye zipu wazi, na wanajua mtoto mwenye ndizi. Mle mkiwa mmekaa pamoja, kontena moja wazi kwa wakati mmoja, kifuniko kinarudi kabla mnafungua ingine. Kima akija, simama, usipige kelele, usimtupie kitu, na usimuangalie mtoto wake kwa karibu. Akishachukua, mwachie. Kunyang'anyana na kima ni namna ya kwenda kuchomwa sindano ya kichaa cha mbwa.

Mkiwa na bahati mtaona mbega pia, wale weusi wenye manyoya marefu meupe ubavuni na mkia mrefu kama brashi. Hao hawashuki shuki ovyo, inua macho juu kabisa. Na mkinyamaza asubuhi mapema mtaona paa akivuka njia, mdogo kama mbuzi mchanga, anasimama sekunde mbili anawaangalia na masikio yanatetemeka, alafu hayuko.

Onyo la siafu: ukiona mstari mweusi unatembea kwa njia, usisimame kuupiga picha. Ruka na uendelee mbali. Wakishapanda wanauma wote kwa pamoja, na wataanzia ndani ya suruali. Ukishapata, toka njiani, vua soksi, watoe mmoja mmoja kwa vidole, kuwapangusa tu hakuwatoi.

## Baiskeli, watoto, wazee na mbwa

Baiskeli zinakodishwa hapo ndani. Kabla hujalipia, finya breki zote mbili huku unaisukuma, gurudumu lisimame kabisa, na angalia mnyororo. Kuna miteremko ambayo bila breki ya nyuma utaishia kwa kichaka. Anayetembea ndo ana haki ya njia, so piga kengele mapema na upunguze mwendo. Na baiskeli inakupoteza haraka mara tatu kuliko miguu kwa sababu nguzo inapita ukiwa spidi, simama kwa kila moja.

Mtoto chini ya miaka mitano au mzee mwenye shida ya goti, wacha zile ngazi za maporomoko. Wapeleke kwa bwawa la maua, lile wanaita Lily Lake, kuna mahali pa kukaa na hakuna kushuka kwa kutisha.

Mbwa awe kwa kamba muda wote, hata kama ni mpole. Paa hajui kama ni mpole.

## Ukishapotea

Itatokea siku moja, hata kwangu ilitokea. Mwaka wa kwanza nikizunguka Karura nilitokea upande wa Kiambu Road na gari iko Limuru Road, nikiwa na mamangu, na nilimwona vile alichoka. Fanya hivi kwa utaratibu huu:

1. Simama. Kunywa maji. Usigawanye kundi, hata kwa dakika mbili, hata kama mmoja anasema "ngoja niangalie hapo mbele". Kundi likigawanyika sasa kuna makundi mawili yamepotea.

2. Angalia karatasi, namba ya mwisho yenye tiki ni ipi na ilikuwa dakika ngapi zilizopita. Kama ni chini ya dakika ishirini, rudini huko.

3. Kama hamuioni njia ya kurudi, sikilizeni. Mito ya Karura inatoka upande wa Limuru Road inaelekea upande wa Kiambu Road, so ukiona maji yanakoenda unajua pande zako. Usifuate mto wenyewe kwa miguu, kingo zake ni mbovu na zimejaa thabai, chukua tu mwelekeo urudi kwa njia pana.

4. Fuata njia pana kuliko zote unazoziona, mpaka nguzo yoyote. Yoyote ile. Ukiipata, kaa hapo na upige ile namba uliyosevu, useme: "Tuko jankisheni namba fulani, tuko watu wangapi, tuliingia geti fulani, hakuna aliyeumia." Ukisema hivo umewapa kila kitu wanachohitaji. Kama kuna aliyeumia vibaya na huwapati watu wa msitu kwa simu, piga 999 au 112.

5. Ukifikia fensi, usiiguse na usipite chini yake. Ni ya umeme. Rudi kwa njia.

Kama giza linaingia, washa tochi ya simu moja tu, zile zingine zizimeni kabisa zitumike baadaye.

## Hatua ya mwisho: kutoka

Alamu ikilia, geukeni. Someni karatasi kutoka chini kwenda juu, wekeni tiki ya pili. Mkirudi, taka zote mlizoingia nazo zinatoka nanyi, hata ganda la ndizi na maganda ya mayai, maana ganda la leo ndo linamfundisha kima kufungua begi la mtoto wa kesho.

Getini pigeni simu kwa yule mliyemwambia mnaenda. (Kama hamkumwambia mtu, mara ijayo mwambieni, na mumwambie pia geti na saa ya kurudi.)

Nyumbani vua nguo zote na uangalie kupe: nyuma ya goti, kiunoni pale mkanda unashika, kwapani, nyuma ya masikio ya watoto. Ukimpata, mshike na kibanio karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja polepole, usimpake mafuta wala usimchome na kiberiti. Homa ikikushika ndani ya wiki mbili, mwambie daktari ulikuwa msituni.

Viatu vioshe siku hiyo hiyo, ule udongo ukikauka ni kazi ya kesho nzima. Na ile karatasi usiitupe. Iweke kwa begi. Mara ya pili utachukua namba zile zile, ubadilishe nguzo moja tu au mbili wakati wa kurudi, uone njia mpya inatokea wapi. Binamu yangu tayari anayo ya kwake, ameikunja ameiweka nyuma ya kava ya simu, na Jumamosi anarudi na wale wale watatu, saa 2 asubuhi.